Mamlaka ya kuamua yashuke, dhamana ya raia ibaki juu

Misheni ya Ilembula haiko mbali na hapa Chimala. Unashika barabara kuu kuelekea Makambako, unaipita Igawa, kisha unaiacha barabara na kuingia upande wa kusini. Wengi tunaijua kwa hospitali yake ya Kilutheri, ambayo imetibu watu wa Mbarali na Wanging'ombe tangu enzi za wazazi wetu. Mwishoni mwa Novemba 1916, safu ya jeshi la Wajerumani chini ya Luteni Kanali Hübener ilisalimu amri mahali hapo pamoja na mzinga wake. Ilikuwa imepotezana na wenzake. Haikujua walipo, na wao hawakujua kwamba inahitaji msaada.

Nimetumikia Jeshi la Wananchi katika kazi ya mawasiliano mpaka nikastaafu na cheo cha sajini, na sasa nalima mpunga hapa Usangu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maneno ya wakubwa kwa wadogo na kurudisha ya wadogo kwa wakubwa, kwa hiyo swali la nani aamue nini vitani nimeishi nalo maisha yangu yote ya utumishi. Majeshi mengi duniani siku hizi yanausifu utaratibu wa kumwachia kamanda mdogo, luteni au hata koplo, aamue mwenyewe namna ya kuitimiza kazi aliyopewa. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuna mambo matatu ambayo mkubwa hana ruhusa ya kuyaacha yapotee wakati anateremsha mamlaka: mawasiliano, nyenzo na usalama wa raia. Ushahidi wake umo katika nyanda zetu hizi na katika vita ambavyo Watanzania wamepigana kwa damu yao.

Nianze na upande wa nguvu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, msafara wa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, ulikuwa ukipita njia nyembamba kwa safu ndefu. Mizinga na bunduki za rashasha zilikuwa zimefungwa juu ya punda. Wahehe walijificha kwenye nyasi na mawe kando ya njia. Walipoinuka, sehemu kubwa ya mapigano iliisha kwa dakika chache. Zelewski akafa, na pamoja naye wengi wa Wajerumani wenzake na askari wao kwa mamia. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakuwapo uwanjani. Aliyeongoza ni ndugu yake, Mpangile, pamoja na viongozi wa makundi. Hakuna aliyehitaji kutuma mjumbe Kalenga, makao ya Mkwawa, kuuliza kama wakati umefika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Mkwawa alikuwa ameiacha fimbo mikononi mwa aliyekuwa karibu.

Hata kwa walioshindwa somo ni lile lile. Luteni von Tettenborn alikuwa nyuma ya msafara. Mkuu wake amekwisha kufa na amri hakuna, akawakusanya waliobaki juu ya kilima, akakishikilia, kisha akawaondoa. Angengoja kuambiwa, na wao wangekwisha.

Miaka mitatu baadaye Mkwawa aliziweka nguvu zake mahali pamoja, ndani ya ukuta wa mawe wa Kalenga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakaingia kwa mizinga na ngome ikaanguka. Vita vikarudi porini, kila eneo likipigana kivyake, na kwa namna hiyo Wahehe waliwasumbua Wajerumani mpaka Mkwawa alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Hiyo ni karibu miaka minne baada ya mji mkuu kutekwa, na jeshi linalomtegemea mtu mmoja na boma moja lisingeweza kudumu hivyo. Lakini gharama nayo ilikuwa kubwa. Njaa iliwafikia watu kijiji baada ya kijiji, wakajisalimisha kijiji baada ya kijiji. Mpangile mwenyewe, shujaa wa Lugalo, alitawazwa na Wajerumani kuwa mtawala wa Uhehe, kisha wakamuua mwaka 1897. Ujasiri ulibaki hadi mwisho. Kilichokatika ni uwezo wa kundi moja kujua kama jingine bado liko vitani.

Majimaji ilionyesha sura hiyo kwa ukubwa zaidi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeuanzisha uasi huo, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kama vingekuwa na kichwa kimoja, vingekufa siku hiyo. Badala yake mwishoni mwa mwezi boma la Mahenge lilishambuliwa, na mwezi Septemba Wabena wa Mbeyela wakaivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, huku Songea nako kukiwaka. Lakini kila nchi ilianza kwa wakati wake. Wajerumani, waliokuwa wachache mno mwanzoni, wakapata nafasi ya kuwakabili mmoja baada ya mwingine, kisha wakachoma mashamba na maghala. Wahehe, waliokuwa wamemshinda Nyundo, kwa sehemu kubwa hawakuungana na waasi. Vita visivyo na kichwa ni vigumu kuviua, na ni vigumu vile vile kuvielekeza.

Wajerumani wenyewe walitoka kwenye jeshi lililokuwa limelitafakari jambo hili kuliko majeshi mengi ya wakati huo. Prussia ilipigwa vibaya na Napoleon huko Jena mwaka 1806. Katika miongo iliyofuata, na hasa chini ya Helmuth von Moltke, maofisa wake walifundishwa kwamba mkuu anaeleza lengo na aliyeko mbele anachagua njia. Huku Afrika Mashariki mtindo huo ulipata mahali pake, kwa sababu kila kombania ilikuwa na askari wake, rashasha zake na wapagazi wake, na iliweza kutembea na kupigana peke yake.

Ndiyo maana Tabora ilipoanguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, Jenerali Kurt Wahle hakuona ajabu kuwagawa watu wake katika safu tatu na kuzielekeza Iringa na Mahenge ili wakaungane na kamanda wao mkuu, Lettow-Vorbeck. Kuzigawa kulikuwa na maana. Safu moja kubwa ingekosa chakula njiani, na safu tatu ziliweza kuvichanganya vikosi vya Waingereza vya Jenerali Edward Northey vilivyokuwa vimeingia kutoka Nyasaland na Rhodesia. Kwa wiki kadhaa mpango ulifanya kazi. Iringa ikawa hatarini, Malangali ikazingirwa, na Waingereza hawakuwa na hakika pigo lijalo litatoka upande gani. Lakini kati ya safu hizo hakukuwa na simu wala redio. Iliyopata upenyo haikuweza kuiita nyingine ije, na iliyochelewa haikuweza kusema imekwamia wapi. Wahle akampoteza Hübener, na Hübener akaishia Ilembula.

Miezi michache baadaye mmoja wa makamanda wa safu zile, Kapteni Max Wintgens, alifanya jambo ambalo vitabu vya kijeshi havijaacha kulisimulia. Februari 1917, badala ya kubaki na mkuu wake Kraut, aligeuka kwa uamuzi wake mwenyewe na askari wapatao mia tano. Aliwabana Waingereza pale Tandala, kwenye milima hii iliyo nyuma yetu, akateremka kuelekea Rukwa, akapigana Galula, kisha akashika njia ya kaskazini hadi jirani na Tabora. Mwezi Mei aliugua sana akajisalimisha kwa Wabelgiji. Ofisa wake Naumann akachukua uongozi na kuendelea hadi Oktoba, alipozingirwa karibu na Kondoa. Maelfu ya askari wa Uingereza na Ubelgiji walizungushwa nchi nzima wakifuata nyayo za kundi dogo.

Ukiitazama kwa jicho la ushujaa, hakuna mfano bora wa kamanda mdogo aliyeachwa huru. Lakini Lettow-Vorbeck, ambaye wale walikuwa watu wake, aliandika baadaye kwa masikitiko kwamba msafara ule, pamoja na ari yake yote, ulikwenda mbali mno na uwanja mkuu wa vita kiasi kwamba haukumsaidia sana. Wintgens alikuwa na uhuru wa kuchagua njia, na akautumia kuchagua vita vyake mwenyewe. Hapo ndipo uhuru wa kamanda mdogo unapovuka mpaka. Anaruhusiwa kuamua afanyeje. Akianza kuamua anafanya kwa ajili ya nini, jeshi limegawanyika majeshi mawili.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkinga wa Tandala, na alikuwa mtoto vita hivyo vilipopita. Alikumbuka askari waliobeba ulezi wote wa ghalani kwao, na wengine waliokuja nyuma yao wakiwadai wazee sababu ya kuwalisha wale wa kwanza. Hakuweza kusema nani alikuwa wa upande gani. Alikumbuka pia wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo, na wanawake waliobaki kuwangoja. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wa pande zote mbili. Ugogo ilipata njaa kubwa, iliyobaki katika kumbukumbu kwa jina la Mtunya. Kila kombania iliyokuwa na uhuru wa kujitafutia chakula ilikipata kutoka ghala la mtu fulani. Nimesoma sifa nyingi za makombania yale yaliyojitegemea, na katika sifa hizo mara chache sana nimemkuta mwenye ghala.

Nije kwenye jeshi nililolijua mimi. Katika zoezi moja milimani, enzi nikiwa koplo, luteni wetu aliamriwa kuifikisha platuni kwenye daraja kabla ya saa sita mchana na kukaa hapo. Tukalikuta daraja limechukuliwa na maji. Milima ilikuwa imekata redio. Nilibadilisha antena, nikapanda juu ya mwamba, nikaita mpaka betri ikaanza kufa, sikujibiwa. Luteni akakaa, kama alivyoambiwa. Kilomita chache juu ya mto palikuwa na kivuko ambacho wachungaji wa ng'ombe walituonyesha, na hapo ndipo waliocheza nafasi ya adui walipovukia. Jioni, kwenye tathmini, mkufunzi mmoja aliyekuwa amepigana Uganda hakumgusa yule luteni. Alimgeukia meja aliyetoa amri akamwuliza kwa nini hakumweleza kijana kwamba daraja lilitakiwa kushikwa ili adui asivuke mto. Kijana aliambiwa akae wapi. Hakuambiwa anakaa kwa ajili ya nini.

Tangu siku ile nimeamini kwamba uhuru wa kamanda mdogo hautokani na ukimya wa kamanda mkubwa. Mkubwa anayetaka wadogo waamue anapaswa kusema mengi zaidi mapema: lengo ni lipi, jirani yuko wapi, kipi hakiruhusiwi hata mambo yakiharibika. Akishayasema hayo ndipo anaweza kunyamaza redio ikikatika. Anayetoa amri ya maneno matano kisha akadai ubunifu kutoka chini anakwepa kazi yake.

Lukaya, katika vita vyetu na Uganda ya Idi Amin, ni mahali ambapo Jeshi letu lililifanya hili sawasawa. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 chini ya Brigedia Imran Kombe, yenye mgambo wengi wasiozoea vita, ilikuwa kwenye mji huo mdogo wa Uganda, kando ya kinamasi kikubwa kinachokatwa na barabara ya Kampala. Walibya waliokuja kumsaidia Amin, pamoja na askari wake, wakaishambulia kwa maroketi. Wengi wa askari wetu wakatawanyika kwenye kinamasi. Usiku ule Kombe na maofisa wake wakafanya kazi ambayo hakuna jenerali wa mbali angeweza kuwafanyia: kuwatafuta watu wao, kuwatuliza, kuwapanga upya. Wakati huo huo David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, akaiamuru Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa umbali wa kilomita kama 60 kaskazini magharibi, igeuke na kuiwahi barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 pigo likaja kutoka pande mbili, na njia ya kwenda Kampala ikafunguka.

Nilipoingia jeshini miaka michache baadaye, wakufunzi wetu wa mawasiliano walisimulia Lukaya wakianza na redio, bunduki zikafuata. Walikuwa na sababu. Kuikusanya 201 kuliweza kufanywa na aliyekuwa kinamasini tu. Kuigeuza 208 kuliweza kufanywa na aliyeziona brigedi zote mbili tu. Kila mmoja aliamua kile alichokiona yeye, na kati yao palikuwa na mawasiliano. Upande wa pili alikuwapo Amin, ambaye tangu mwaka 1971 alikuwa amewaua na kuwafukuza maofisa wake kwa wingi. Waliobaki walikuwa wamejifunza kwamba kuamua jambo bila ruhusa kunaweza kumgharimu mtu maisha yake. Jeshi la namna hiyo linaweza kuwa na vifaru vingi na bado likasimama kumngoja mtu mmoja.

Lipo jambo la vita hivyo ambalo hatulisimulii kwa sauti ile ile. Askari wetu walikuwa wameyaona yaliyoachwa na uvamizi wa Amin huko Kagera: maiti, mifugo iliyoporwa, vijiji vilivyoharibiwa, daraja la Kyaka lililolipuliwa. Januari 1979 walipoiteka Mutukula ng'ambo ya mpaka, baadhi yao walilipiza kisasi. Wakazi waliokuwa wamebaki waliuawa na mji ukasawazishwa kwa matingatinga. Mwalimu Nyerere alipopata habari alishtuka sana, akatoa amri kwamba askari wasidhuru raia wala mali zao. Naiandika habari hii nikiwa mtu ninayeipenda sare niliyoivaa. Naiandika kwa sababu inaonyesha mpaka ulipo. Hasira ya askari aliyeuona msiba ni kubwa kuliko luteni mmoja, na mara nyingi luteni naye anayo. Uamuzi kuhusu maisha ya raia hauwezi kuachwa mikononi mwa aliye karibu zaidi na hasira hiyo. Ni lazima utoke kwa aliye juu kabisa, utolewe kabla ya mpaka kuvukwa, na usomwe kwa kila askari kwa lugha anayoielewa. Amiri Jeshi Mkuu aliutoa, na mwezi Aprili wakazi wengi wa Kampala waliwapokea askari wetu kwa shangwe. Uchungu wangu ni kwamba ulikuja baada ya Mutukula.

Wakulima wa mpunga wa Usangu tunaujua mgawanyo huu. Kila mmoja hufungua na kufunga maji kwenye majaruba yake, na hakuna mwenyekiti wa skimu anayeweza kuamka alfajiri kumsimamia kila mtu. Lakini banio la mtoni halishikwi na mkulima mmoja. Akiliachia atakavyo, wa chini hawapati kitu. Jeshi nalo lina majaruba yake na lina banio lake, na hekima ya uongozi ni kutovichanganya.

Sasa nizungumzie nyenzo, na hapa nazungumza kwa majonzi. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098 lililounda Brigedi ya Kuingilia Kati mashariki mwa Kongo, yenye vikosi kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ilipewa ruhusa ambayo vikosi vingine vya kulinda amani havikuwa nayo, ya kumfuata mwenye silaha badala ya kumngoja, na ikishirikiana na jeshi la Kongo iliwashinda waasi wa M23 kufikia Novemba mwaka huo. Uhuru wa kuamua mbele ulizaa matunda.

Miaka minne baadaye, tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi na watu walioshukiwa kuwa wa kundi la waasi la ADF. Watanzania 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov ulikuta kwamba hapakuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa, na kwamba kulikuwa na kasoro katika uongozi na udhibiti, pamoja na uhaba wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Maneno hayo ni ya ofisini. Maana yake kwa askari aliyekuwa kwenye handaki ni kwamba aliyekuwa mbele alikuwa na wajibu wote wa kupigana, na vitu ambavyo vingemwokoa vilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mahali pengine, chini ya amri nyingine. Kamanda wa kambi anaweza kuamua kila kitu kilicho ndani ya uzio wake. Hawezi kuiamuru helikopta isiyo yake. Kuwaweka vijana mbele peke yao na kusema wamepewa uhuru, bila kuwaandalia msaada wenye saa na jina la mhusika, ni kuwatupa.

Wapo watakaonijibu kwa mwaka 1964. Watasema tumeshaona kinachotokea askari wa chini wanapojiamulia: tarehe 20 Januari kambi ya Colito ikaasi, serikali ikatikisika, na Jeshi likalazimika kuundwa upya kama JWTZ tarehe 1 Septemba. Hofu hiyo naiheshimu. Jeshi lisilotii serikali ya kiraia ni hatari kwa taifa, na sitaki mtu atumie makala hii kuitetea hatari hiyo. Lakini wale hawakuasi kwa sababu walikuwa wamepewa mamlaka mengi. Nafasi za juu zilikuwa za maofisa wa Kiingereza, mishahara ilikuwa midogo, na askari Mwafrika alikuwa na njia chache mno za kusikilizwa. Kambi ile leo inaitwa Lugalo, kwa jina la mahali ambapo aliyeko mbele aliaminiwa. Utii wa Jeshi kwa taifa na uhuru wa luteni kuchagua njia ya kupanda kilima vinaweza kukaa pamoja, mradi kila mmoja ajue kipi ni kipi.

Hatari ninayoiona mbele yetu inatoka upande mwingine. Redio niliyobeba ilikuwa na kikomo chake, na kikomo hicho kiliwalazimisha wakubwa kuwaamini wadogo. Leo ndege isiyo na rubani humwonyesha mkuu aliyekaa mezani kila mtu anayekimbia uwanjani, na simu humfikishia luteni sauti yake wakati wowote. Mkuu anayeona kila kitu hushawishika kuamua kila kitu. Atamfundisha luteni kungoja, na siku adui atakapovuruga mawasiliano, jambo ambalo vita vya Ukraine vimeonyesha linafanyika kila siku, atabaki na kijana aliyesimama kwenye daraja lililochukuliwa na maji.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kwenye chuo chetu cha Monduli, vijana wafundishwe Lugalo, Ilembula, Tandala na Lukaya kwa kina kile kile wanachofundishwa vita vya Ulaya, na wafundishwe Mutukula bila kupunguza. Mazoezi yetu yawe na saa ambazo redio zinazimwa kwa makusudi, na anayetathminiwa kwanza awe mkubwa: je, alichosema asubuhi kilitosha kumwongoza kijana jioni? Na kikosi chochote cha Tanzania kisipelekwe mbele, iwe chini ya bendera yetu au ya Umoja wa Mataifa, kabla haijaandikwa nani atakwenda kukiokoa, kwa chombo gani, ndani ya muda gani. Hili la mwisho wabunge wetu wana haki ya kulihoji, na wazazi wa askari wana haki ya kusikia jibu.

Mkuu anayemtuma kijana mbele humdai ushujaa, na kwa Watanzania deni hilo limelipwa mara nyingi. Kijana naye ana haki ya kumdai mkuu wake kabla hajaondoka: lengo linaloeleweka, njia ya kuita msaada utakaokuja kweli, na mpaka wa raia uliowekwa kwa jina na sahihi ya mkuu mwenyewe. Akipewa hayo, mwacheni aamue, na akikosea kwa nia njema mtetezeni. Asipopewa, mkuu hajamkabidhi mamlaka yoyote. Amemkabidhi lawama mapema.